Fedha za Jengo la Makaburi Ambalo Bado Halijajengwa Hukaa Wapi?

Kwa Waswahili wengi waliohamia Marekani, mazungumzo ya mazishi yamekuwa ya mchango: nani ashike daftari, mwili usafirishwe kwa ndege gani, nani aupokee nyumbani. Wapo hata hivyo walioamua kuzikwa hukohuko walikozaa na kulea, na hao hukutana na biashara wasiyoizoea. Wakala wa kampuni ya makaburi anafungua kitabu chenye picha ya jengo la marumaru, anasema vyumba vya safu ya kati vinakwisha, na kwamba bei ya leo ni nafuu kwa kuwa ujenzi haujaanza. Mteja anauliza swali la maana: jengo lenyewe halipo, sasa pesa yangu itakuwa wapi muda wote huo? Anajibiwa kwamba asiwe na shaka, imewekwa amana kwa mujibu wa sheria.

Jibu hilo si uongo, ila ni nusu ya jibu. Kampuni moja ya makaburi inaweza kuwa na mifuko mitatu ya amana kwa wakati mmoja, kila mfuko una kazi yake na masharti yake, na malipo ya mteja mmoja yanaweza kugawanywa katika yote mitatu huku sehemu nyingine isiingie popote. Anayeambiwa "amana" bila kuambiwa ni ipi hajui bado fedha zake zinalindwa dhidi ya nini.

Tuanze na jengo. Tukisikia mausoleamu, wengi hufikiria kaburi la mfalme au la rais. Linalouzwa hapa ni la watu wa kawaida: jengo la juu ya ardhi lenye vyumba vilivyopangwa kwa safu, kila kimoja cha kutosha jeneza moja au mawili. Jeneza likiingia, mlango huzibwa na mbele hubandikwa bamba la marumaru au graniti lenye jina. Mara nyingi jengo hilohilo huwa na mashubaka madogo ya kuwekea majivu ya waliochomwa. Bei hutegemea safu. Iliyo usawa wa macho ndiyo ghali, na ya juu kabisa, ambako mjukuu hafiki kuweka ua bila ngazi, ndiyo rahisi.

Anayenunua chumba hanunui kipande cha jengo wala ardhi iliyo chini yake. Ananunua haki ya kuzikwa humo. Jengo hubaki la kampuni au la shirika linalomiliki makaburi, pamoja na kanuni zake zote za maua, saa za kutembelea na maandishi ya kwenye bamba. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini sheria inahangaika sana na fedha: mteja hana kitu cha kushika mkononi isipokuwa karatasi.

Amana nayo ina watu watatu. Yupo anayetoa fedha, yupo mdhamini anayezishika, na yupo mnufaika ambaye kwa ajili yake zimeshikwa. Kwenye vitabu, fedha husomeka kwa jina la mdhamini, lakini si mali yake ya kula. Sheria inamlazimu kuzitumia kwa lengo lililoandikwa kwenye hati ya amana tu. Mdhamini mzuri kwa kazi hii ni benki au kampuni ya amana isiyo na hisa katika makaburi yenyewe. Mdhamini akiwa ni mkurugenzi wa kampuni ileile inayouza vyumba, hapo mlinzi na anayelindwa dhidi yake ni mtu mmoja.

Kwa nini sheria hizi zilihitajika

Majengo ya makaburi ya kuuzia umma yalianza kuenea Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Mojawapo ya yale ya kwanza lilijengwa Ganges, kijiji cha Ohio, mwaka 1907. Baada ya hapo biashara ikashika kasi katika miji midogo. Wajenzi walipita mji hadi mji, wakauza vyumba kwanza, wakajenga kwa fedha za wanunuzi, wakakabidhi jengo kwa wenye makaburi na kuondoka zao. Pengine jengo lilikuwa imara, pengine zege lake lilikuwa hafifu. Ila walisahau, au hawakujali, kwamba paa huvuja baada ya miaka arobaini na mjenzi anakuwa ameshakufa au kampuni yake imefungwa. Majengo kadhaa ya enzi hiyo yaliishia kuchakaa mpaka mabaki ya waliozikwa yakahamishwa na kuta kubomolewa.

Matatizo yalikuwa mawili, na ni muhimu kuyatenga. La kwanza: fedha imelipwa, jengo halijajengwa. La pili: jengo limejengwa, hakuna wa kulitunza. Sheria ikaleta mfuko mmoja kwa kila tatizo. Mfuko wa tatu ulikuja kwa sababu ya bidhaa na huduma zinazolipiwa mapema, nao tutaugusia kwa kifupi.

Mfuko wa ujenzi

Marekani haina sheria moja ya nchi nzima juu ya jambo hili. Kila jimbo lina yake. Florida inafaa kuangaliwa kwa karibu kwa sababu kifungu chake, namba 497.272 cha sheria za jimbo, kimeeleza hesabu waziwazi.

Kampuni inayotaka kuuza vyumba kabla ya kujenga lazima kwanza ifungue mfuko wa amana wa ujenzi kwa hati ya maandishi, chini ya mdhamini ambaye ni taasisi, na mfuko huo usichanganywe na mingine. Kabla ya kuuza hata chumba kimoja, mkandarasi mwenye leseni, mhandisi au msanifu majengo hukadiria gharama ya sehemu itakayojengwa. Juu ya gharama hiyo huongezwa asilimia 10, kisha jumla hugawanywa kwa idadi ya vyumba. Kinachopatikana ndicho kiasi ambacho kila chumba kinapaswa kuchangia mfukoni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Jengo linakadiriwa kugharimu dola 2,000,000 na litakuwa na vyumba 400. Ongeza asilimia 10 upate 2,200,000. Gawanya kwa 400: kila chumba dola 5,500. Sasa tuseme mkataba mzima wa mteja ni dola 11,000. Maana yake ni kwamba nusu tu ya anacholipa ndiyo inayokwenda kwenye mfuko wa ujenzi. Nusu ya pili inalipa kamisheni ya wakala, matangazo, mchango wa matunzo, vitu vingine vilivyomo kwenye mkataba, na faida ya kampuni.

Akilipa kwa awamu, uwiano ni uleule. Malipo ya kwanza yakiwa dola 1,100, yaani asilimia 10 ya mkataba, basi asilimia 10 ya zile 5,500, ambayo ni dola 550, hupelekwa kwa mdhamini. Kampuni ina siku 30 baada ya mwisho wa mwezi ambao malipo yalipokelewa kufanya hivyo. Utaratibu huu ni wa haki kuliko unavyoonekana, kwa sababu yako majimbo ambako muuzaji anaruhusiwa kuchukua fungu lake kwanza kutoka kwenye awamu za mwanzo, na mfuko husubiri. Mteja wa huko anaweza kulipa mwaka mzima bila senti kuingia kwenye amana, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Kisha kuna muda. Florida inataka ujenzi uanze ndani ya miaka 4 tangu chumba cha kwanza kuuzwa, au pale nusu ya vyumba vitakapokuwa vimeuzwa na bei yake kupokelewa, lolote litakalotangulia. Ujenzi ukamilike ndani ya miaka 5 tangu mauzo ya kwanza, na mamlaka ya leseni inaweza kuongeza muda usiozidi mwaka mmoja ikipewa sababu ya kuridhisha.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo, maana ndipo penye kutoeleweka kukubwa kuliko kote. Rudi kwenye mfano. Vyumba 200 vimeuzwa, yaani nusu, na wote wamemaliza kulipa. Kampuni sasa inalazimika kuanza kujenga. Mfukoni kuna nini? Mara 200 kwa 5,500 ni dola 1,100,000, pamoja na mapato ya uwekezaji. Jengo linagharimu 2,000,000. Mfuko umefanya kila ulichoamriwa na sheria, na bado una fedha za kujenga zaidi kidogo ya nusu ya jengo. Pengo la dola 900,000 lazima lizibwe na kampuni yenyewe, kwa mtaji wake au kwa mkopo.

Na kama biashara ilikuwa mbaya? Miaka 4 imepita, vimeuzwa vyumba 60 tu. Mfukoni kuna dola 330,000. Sheria inasema ujenzi uanze. Inasema pia kwamba kampuni ikishindwa kumaliza kwa wakati, mdhamini atafute mkandarasi na kulikamilisha jengo kwa fedha za mfuko. Kwenye karatasi hicho ni kifungu kikali. Kwa dola 330,000, hakuna mkandarasi atakayemaliza jengo la milioni mbili.

Kwa hiyo mfuko wa ujenzi hauhakikishi kwamba jengo litasimama. Unahakikisha kwamba sehemu ya fedha zako, ile iliyokokotolewa kuwa ni gharama ya chumba chako, haikutumika kulipia mafuta ya gari la mkurugenzi. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa, na mawakala wengi hawaisemi, pengine kwa kuwa hata wao hawaijui.

Sheria imeliona pengo hilo, na ndiyo maana Florida ina kifungu cha kurudisha fedha. Jengo lisipokuwa tayari kwa muda uliowekwa, au mtu akifariki kabla halijakamilika, fedha zote zilizolipwa hurudishwa zikiombwa, isipokuwa mkataba uwe umesema vinginevyo. Zile zilizokuwa kwenye amana hurudi na faida yake halisi. Zile ambazo hazikuwa kwenye amana hurudi na kiasi sawa na faida ambayo zingeipata. Tazama tena maneno "isipokuwa mkataba uwe umesema vinginevyo". Mikataba mingi husema vinginevyo: kwamba mteja akifariki mapema atawekwa kwa muda katika chumba kingine kilichokwisha kujengwa, kisha ahamishwe. Si jambo baya lenyewe, ila familia inapaswa kujua mapema kwamba marehemu wao anaweza kuzikwa mara mbili, na kujua nani analipia uhamisho.

Mfuko huu pia haufungwi kwa kufuli mpaka siku ya mwisho. Kampuni inaweza kukubaliana na mdhamini, kwa idhini ya mamlaka, kutoa fedha kidogokidogo kadiri kuta zinavyopanda, na jengo likithibitishwa kukamilika, kilichobaki chote pamoja na mapato hupewa kampuni. Na badala ya mfuko, sheria inaruhusu dhamana ya utekelezaji: kampuni ya bima inasimama kulipa endapo mjenzi atashindwa. Kwa mteja, dhamana ya namna hiyo inaweza kuwa bora kuliko mfuko uliojaa nusu, mradi aliyeitoa ni imara na kiasi kilichoandikwa kinatosha.

Mfuko wa matunzo

Huu ndio ambao watu huuchanganya na ule wa kwanza, ilhali kwa tabia ni kinyume chake. Mfuko wa ujenzi umewekwa ili utumike mpaka uishe. Mfuko wa matunzo umewekwa usiishe. Kila chumba kikiuzwa, kiasi fulani huingia humo na hakitoki tena. Kinachotumika ni mapato yake tu. Ni kama mnazi ulioachwa na babu: kila msimu mnaangua nazi, lakini hakuna mjukuu mwenye ruhusa ya kuukata mti.

Viwango hutofautiana. California, kwa makaburi yenye matunzo ya kudumu, huweka kima cha chini kwa dola: 220 kwa chumba cha jengo la makaburi, 70 kwa shubaka la majivu, na dola 4.50 kwa kila futi ya mraba ya kaburi la ardhini. Florida hutumia asilimia 10 ya malipo ya haki ya kuzikwa. New York, ambako kampuni za makaburi zinazosimamiwa na jimbo lazima ziwe mashirika yasiyogawana faida, hutenga angalau asilimia 10 ya mauzo ya viwanja na kuongeza dola 35 kwa kila maziko.

Dola 220 za chumba zikizalisha asilimia 4 kwa mwaka ni dola 8 na senti 80. Kwa fedha hizo kampuni inapaswa kufagia, kuwasha taa, kuziba nyufa na kutengeneza paa juu ya chumba chako, milele. Hesabu hii hukaa sawa pale tu vyumba vinapokuwa vingi na mauzo yanaendelea. Makaburi yakijaa, mauzo hukoma, gharama hazikomi. Ndiyo maana baadhi ya majimbo yameanza kuruhusu mdhamini kutoa asilimia maalumu ya thamani ya mfuko kila mwaka badala ya riba na gawio tu, ili awekeze pia kwenye hisa zinazokua. Kanuni ya jumla ya uwekezaji wa busara, iliyotungwa kama mfano mwaka 1994 na kupokelewa na majimbo karibu yote, inamtaka mdhamini aangalie mkusanyiko mzima wa uwekezaji na asiweke mayai yote kapu moja.

Mfuko ukiibwa, matokeo hayaonekani kesho yake. Makaburi ya Hollywood, jijini Los Angeles, ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Humo yamo majengo ya makaburi wanamolala nyota wa zamani wa sinema, akiwemo Rudolph Valentino. Kwa miaka mingi fedha za matunzo zilitumiwa vibaya, na kufikia miaka ya 1990 mamilioni ya dola yalikuwa hayapo. Nyasi zikakauka, majengo yakavuja na kupasuka, jimbo likazuia mauzo mapya, na baadhi ya familia zikahamisha maiti zao. Mwaka 1998 eneo lote, katikati ya mojawapo ya miji yenye ardhi ghali duniani, liliuzwa katika ufilisi kwa dola 375,000. Bei ilikuwa ndogo kiasi hicho kwa sababu mnunuzi alikuwa ananunua mzigo: majengo ya kutunza, na mfuko usiotosha kuyatunza.

Mfuko wa bidhaa na huduma

Huu ni wa vitu kama kufungua na kufunga kaburi, kuchonga jina, sanduku la zege, na pengine mazishi yenyewe, vikilipiwa kabla ya kifo. Pennsylvania, kwa mfano, hutaka asilimia 70 ya bei ya bidhaa hizo iwekwe amana. New York hutaka asilimia 100 kwa mazishi yaliyolipiwa mapema. Hasara kubwa zaidi katika eneo hili ilitokana na National Prearranged Services ya St. Louis, Missouri, iliyoanguka mwaka 2008 baada ya kuuza mikataba katika majimbo mengi. Fedha ambazo wateja walidhani ziko kwenye amana na bima zilikuwa zimetumika kwingine, na hasara ilifika mamia ya mamilioni ya dola. Mwaka 2013 viongozi wake walihukumiwa vifungo. Kampuni hiyo haikuuza vyumba vya makaburi. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba sheria ya amana ikiwepo kwenye kitabu bila mkaguzi anayefungua akaunti na kuhesabu, haina meno.

Yanayosemwa mitaani

"Serikali ya shirikisho inasimamia." Si kwa maana ambayo wengi wanaidhani. Kanuni ya shirikisho ya mazishi, iliyoanza kutumika mwaka 1984, inawalazimu wenye nyumba za mazishi kutoa orodha ya bei na kutomlazimisha mteja kununua asichotaka. Makaburi ambayo hayauzi huduma za mazishi pamoja na bidhaa zake kwa kawaida hayaguswi na kanuni hiyo. Mambo ya amana ni ya jimbo. Florida ina bodi ya mazishi, makaburi na huduma za walaji iliyo chini ya idara ya fedha ya jimbo. California ina ofisi yake chini ya idara ya masuala ya walaji. New York ina kitengo cha makaburi. Ukilalamika Washington utaelekezwa hukohuko.

"Kampuni ikifilisika, fedha zimekwenda." Inategemea fedha zenyewe ziko wapi siku hiyo. Sheria ya ufilisi ya Marekani, kifungu cha 541(d), inasema kwamba mali ambayo mfilisika anaishika kwa jina tu, huku manufaa yake ni ya mwingine, haiingii kwenye mali ya kugawiwa wadai kwa kiwango cha manufaa hayo. Kwa hiyo zile dola 5,500 za mfano wetu wa juu, zilizoko kwa mdhamini, hazipaswi kuguswa na benki inayoidai kampuni. Zile nyingine ambazo hazikuingia mfuko wowote hali yake ni tofauti kabisa. Kwa hizo wewe ni mdai kama wadai wengine. Sheria humpa mlaji aliyelipia mapema kitu ambacho hajapewa kipaumbele kidogo chenye kikomo, na zaidi ya hapo unasimama foleni. Na kama kampuni haikupeleka chochote kwa mdhamini ingawa ilitakiwa, hakuna akaunti ya kulinda. Kosa la jinai limetendeka, ila kosa la jinai halijengi chumba.

"Makaburi ya kanisa ni salama zaidi." Yanaweza kuwa, kwa sababu ya uaminifu na umri wa taasisi. Kisheria ni jambo jingine: majimbo mengi huyasamehe makaburi ya taasisi za dini, na yale ya miji na kaunti, masharti ya baadhi au yote ya mifuko hii. Dayosisi inaweza kuuza vyumba vya jengo lisilojengwa bila kulazimika kuwa na mfuko wa ujenzi. Anayenunua huko anategemea taasisi yenyewe, basi aitazame taasisi hiyo kwa macho makavu kama angetazama kampuni.

"Kampuni ikiuzwa, mkataba wangu umekufa." Haufi, mnunuzi huchukua makaburi pamoja na wajibu wake wa amana. Lakini siku ya kubadilisha mikono ndiyo siku ya hatari kuliko zote. Katika majimbo kama Indiana na Michigan zilifunguliwa kesi ambamo wanunuzi wa makundi ya makaburi walituhumiwa kuhamisha fedha za amana mara tu walipozishika, nyingine zikidaiwa kugharamia ununuzi wenyewe. Yaani makaburi yalinunuliwa kwa fedha za waliolala humo. Ukipokea barua kwamba kampuni ina mmiliki mpya, usiitupe pamoja na matangazo. Iandikie kampuni uulize kama mdhamini amebadilika na salio la mfuko limehamia wapi.

"Nikibadili mawazo nitarudishiwa." Florida hukupa siku 30 tangu kutia saini kuvunja mkataba kwa maandishi, ikiwa kilichonunuliwa hakijatumika. Siku hizo zikipita, unaweza bado kufuta huduma, lakini haki ya kuzikwa ni kitu kilichouzwa, kama kiwanja kilivyouzwa, na kwa kawaida utabaki nayo mpaka umpate wa kumuuzia.

Kusoma mkataba wenyewe

Mtu mwenye mkataba mezani hahitaji kuwa mwanasheria. Atafute kwanza jina la mdhamini. Mkataba unaotaja "amana" bila kutaja benki au taasisi inayoishika haujasema kitu. Kisha atafute kiasi, si neno: kati ya jumla ninayolipa, ni dola ngapi zinaingia mfuko wa ujenzi, ngapi za matunzo, ngapi za bidhaa. Jumla ya hizo tatu ikishapunguzwa kutoka kwenye bei, kilichobaki ndicho anachoikabidhi kampuni kwa kuiamini tu, na anaweza kukipima kama anavyopima mkopo kwa rafiki.

Atafute tarehe. Si "hivi karibuni", wala "baada ya mauzo kufikia kiwango cha kuridhisha", bali siku ambayo muda wa sheria ulianza kuhesabiwa. Florida huhesabu tangu chumba cha kwanza kuuzwa, si tangu wewe uliponunua. Ukinunua miaka mitatu baada ya mauzo hayo ya kwanza, imebaki miaka miwili jengo likamilike, na hiyo ni faida yako. Aulize pia ni vyumba vingapi vimeuzwa mpaka sasa. Wakala aliyetoka kusema vinakwisha hatakosa idadi.

Na kama tarehe imepita na uwanja bado ni nyasi, barua ziwe mbili: moja kwa mdhamini aliyetajwa kwenye mkataba, moja kwa bodi ya jimbo inayotoa leseni, kila moja ikiambatanishwa na nakala ya mkataba na risiti za malipo yote. Omba kimoja kati ya mambo mawili, kurudishiwa fedha au kupewa chumba kilichokamilika unachokikubali, na ukitaje kwa jina. Barua inayolalamika tu hujibiwa kwa pole. Inayodai marejesho chini ya kifungu fulani hufunguliwa faili.